Udi Kabla ya Kahawa

Tulimwacha Ruba kasimama kwenye korido, sinia la vikombe mikononi, na mbele yake bibi yake, Bi Kheiria, kashika kitu ambacho Ruba alitamani kizikwe naye: tableti yake, imewashwa, iko ukurasa ule ule.

Honi ililia mara ya pili getini. Wageni wa posa hao.

"Ruba," alisema Bi Kheiria, miwani kaiteremsha mpaka nchani mwa pua. "Hawa ndugu?"

Ruba alichungulia, kana kwamba haijui picha ile. Pichani Itsuo, daktari wa meno, alikuwa kamfungia Nobu mlango kwa ufunguo, kamshika kidevu kama mnunuzi anayekagua tikiti.

"Marafiki, bibi."

"Marafiki." Bi Kheiria alilirudia neno hilo taratibu, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. "Mimi nimekulia Unguja, mjukuu wangu, usinisomeshe marafiki. Hayo yao wanayajua wenyewe na Mola wao. Mimi nnakuuliza hili jino. Jino zima hili, halina tundu wala doa. Anamng'olea nini?"

"Bibi, wageni wako nje."

"Na huyu mwembamba anacheka. Anang'olewa jino na anacheka. Ana wazee huyu?"

"Bibi."

"Nnakwenda, nnakwenda."

Akaipenyeza tableti chini ya mtandio wake, akaelekea sebuleni nayo. Ruba alitaka kumkimbilia, lakini sinia lilikuwa zito na mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguliwa.

Hapo ndipo tulipo. Na wewe uliyeliokota gazeti hili kwa kinyozi, na la wiki iliyopita ukalikuta limefungiwa maandazi, chukua haya kwa haraka.

Ruba na binti ami yake, Ibtihal, wana chaneli ya siri mtandaoni. Humo hutafsiri kwa Kiswahili kisa cha katuni za Kijapani, kisa cha wanaume wawili, watu wazima na kazi zao, wanaopendana kwa namna ambayo ingemtoa jasho hata askari wa zamu. Itsuo hung'oa meno mazima ya Nobu ili tabasamu lake lisimpendeze mtu mwingine. Nobu, fundi wa piano, hujitia anaumwa ili ang'olewe jingine. Wakiachana hawawezi kupumua, na wakiwa pamoja hawaachiani hewa.

Wasomaji wao, kutoka Mabela, mtaa wao wa Maskati, mpaka Mombasa, hawalali wakikosa sura mpya. Wengi ni wanawake wenye waume, na wanamlilia Nobu kuliko watakavyowalilia waume zao.

Ruba hutafsiri, Ibtihal hupanga maneno ndani ya vipovu vya midomoni mwa picha. Kuna ukurasa ambao Itsuo alisema neno moja tu, "usiende". Ruba aliona ni dhuluma kumwacha mwendawazimu wa kiwango kile aseme neno kavu namna hiyo, akamtungia:

*Nipe kufuli nikaze, mlango wa moyo wangu,*
*Ufunguo niumeze, ukae tumboni mwangu.*

Siku ile wasomaji walilia mpaka vioo vya simu vikaingia ukungu.

Lakini hakuna aliyewacheka wale wawili kuliko Ruba mwenyewe. "Mtu mzima huyu, hawezi kwenda dukani bila kuaga," alimwandikia Ibtihal siku moja.

"Mgonjwa kabisa," Ibtihal alimjibu papo hapo. "Mbona umesimama kituo cha mafuta muda wote huo?"

Maana simu zao zilikuwa zimewashiana lokesheni tangu siku za chuo, mchana na usiku. Ibtihal ndiye aliyemchagulia Ruba viatu, miwani na rangi ya gari. Ruba naye hanywi chai ya maziwa bila kuipiga picha na kumpelekea mwenzake, na picha isipojibiwa chai inapoa. Ibtihal alipopata homa, Ruba aliomba ruhusa kazini, akalala kando yake mpaka naye akaambukizwa, na wote wawili wakawa wanalisimulia jambo hilo kama watu waliohiji pamoja.

Kitu kimoja tu Ruba hakumwambia Ibtihal: Jaifar.

Jaifar alikwenda ofisini kwa Ruba kudai bima ya taa ya gari iliyovunjika. Wiki iliyofuata akarudi, taa zote nzima. Ni mhandisi, mpole, na kazi yake iko Salalah, ambako kutoka Maskati ni safari ya kutwa nzima kwa gari. Leo mama yake kaja kumtazama Ruba. Posa isiposemwa leo, kesho familia hiyo inakwenda Mawaleh kumtazama msichana mwingine, Shahad, anayesifiwa kwa biriani ya kupatanisha mahasimu. Jaifar mwenyewe alishamwonya: mama yake hagongi mlango mmoja mara mbili.

Basi Ruba alifanya hila. Alimwambia Ibtihal kwamba anakwenda kwa daktari wa meno, hata miadi akaiweka. Kisha, kwa kuwa simu haijui kudanganya, aliikabidhi simu hiyo kwa Conjesta, dada wa kazi kutoka Bukoba, akamwitia teksi na kumtuma Al Khoudh akakae nayo kliniki, kwenye viti vya wanaosubiri, mpaka karibu na magharibi.

Ilikuwa hila nzuri. Ilisahau tu kwamba Ibtihal ana gari.

Sebuleni, Bi Rahila, mama yake Jaifar, alikuwa ameshakaa. Mwanamke mrefu, mstaafu wa serikali, anayeketi kama anayesubiri faili liletwe. Kando yake mdogo wake, Bi Nawar, mfupi, mnene, macho yake yakihesabu mapazia.

"Jaifar ndiye aliyetuleta," alisema Bi Rahila. "Nimemwacha garini na AC yake. Leo siku ya wanawake."

"Vizuri, vizuri," alisema Bi Kheiria, na mkono mmoja ukapapasa chini ya mtandio.

Ruba aliweka vikombe, akabusu mikono, akainamisha macho kama ilivyotakiwa. Alipoyainua kidogo aliona mwanga wa buluu ukimulika kidevu cha bibi yake kutokea chini. Bi Kheiria alikuwa akisoma.

"Nilete kahawa," alisema Ruba, akatoka mbio bila kuonekana anakimbia.

Jikoni alimkuta Conjesta kasimama kando ya friji kama mtoro aliyerudishwa.

"Dada, mimi simo," alisema Conjesta. "Nilikaa pale kama ulivyosema. Wakaita jina lako. Watu wote wananiangalia. Nikaona haya, nikaingia. Wamenisafisha meno yote." Akamwonyesha. Yaling'aa kweli. "Natoka kwenye kiti, namkuta huyu hapa mlangoni na maua."

Huyu alikuwa Ibtihal. Kakaa juu ya gunia la mchele, maua mapajani, kavaa abaya sawasawa na ya Ruba, kwa sababu walishonesha pacha.

"Nilikwenda kukushika mkono," alisema Ibtihal kwa sauti ndogo. "Najua unavyoogopa sindano."

"Ibtihal, nisikilize."

"Nikamkuta Conjesta kajaa povu mdomoni, kaikumbatia simu yako."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Ukishakuwa na wajukuu?"

"Baada ya leo."

Ibtihal alinyonyoa ua moja jani baada ya jani. "Conjesta kanieleza njia nzima. Salalah. Unajua kule ukianza msimu wa mvua ukungu mtu haoni hata vidole vyake? Na nywele zako hizo, zisizotaka unyevu. Nani atakutazama?"

"Nitajitazama mwenyewe."

"Wewe?" Ibtihal alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Juzi umenipigia simu kuniuliza kama una njaa."

Ruba alimgeukia Conjesta kutafuta msaada.

"Ulipiga, dada," alisema Conjesta. "Nilikuwepo."

Dele la kahawa lilikuwa likitoa mvuke. Ruba alijiandaa kwa kilio, kwa kuzirai, kwa yote ambayo binti ami yake aliyaweza. Badala yake Ibtihal aliinuka, akajifuta macho kwa ncha ya shela, akamkabidhi maua.

"Basi," alisema. "Allah akuwafikie. Mimi nani hata nikuzuie? Nipe kazi nikusaidie, nisikae hapa kama mkiwa."

Moyo wa Ruba uliyeyuka. Mtu mwenye akili angempa vitunguu amenye. Angemtuma dukani akanunue kitu kisichouzwa. Lakini Ruba hakuwahi kumnyima Ibtihal kitu alichoomba kwa sauti ile.

"Washa mkaa wa udi," alimwambia. "Chetezo kile pale, udi umo kabatini. Ukae tayari kwa baadaye."

Msomaji wa Maskati kashashika kichwa. Kwa ajili ya wengine nieleze. Katika nyumba za watu hawa mgeni hupewa matunda na halwa, kisha kahawa, kisha yanazungumzwa yaliyomleta, na mwisho kabisa hupitishwa chetezo ajifukize nguo. Udi ukishapita, mgeni anaaga. Hakuna aliyeiandika sheria hii na hakuna anayeivunja. Ukitaka kumfukuza waziri nyumbani kwako bila kufungua mdomo, mletee udi.

Ruba alichukua dele. Conjesta alimfuata mpaka mlangoni.

"Dada, mimi nafuata chaneli yenu," alimnong'oneza.

"Wewe?"

"Kila sura. Itsuo naye alianza hivihivi. Kwa kusaidia."

"Conjesta, hiki ni kitu kingine kabisa."

"Haya, dada. Mimi nimesafishwa meno tu."

Akamrudishia simu yake, Ruba akaitia mfukoni mwa abaya bila kuitazama.

Aliporudi sebuleni, Bi Rahila alikuwa ameshakohoa kile kikohozi cha mtu anayeingia katika jambo. Halwa imeliwa. Vikombe vimekaa vitupu vinasubiri. Ruba alisimama karibu na mlango na dele lake, kwa sababu hapiti mtu mbele ya maneno kama yale.

"Bi Kheiria," alianza Bi Rahila, "sisi hatukuja hapa kunywa kahawa tu."

"Nayo hatujainywa," alisema Bi Nawar.

"Nawar. Tumekuja, kama unavyojua, kwa ajili ya kijana wetu—"

Na hapo harufu iliingia.

Ilikuwa udi wa gharama, ule Bi Kheiria aliouweka kwa ajili ya Idi. Nyuma ya harufu ulikuja moshi, na nyuma ya moshi Ibtihal, chetezo mikononi, macho chini, adabu tupu. Alimpita Ruba bila kumgusa. Akapiga goti mbele ya Bi Rahila.

"Karibu udi, mama."

Sentensi ya Bi Rahila ilifia kinywani mwake.

Hakuna aliyesogea. Bi Nawar alivitazama vikombe vitupu, akautazama moshi, akavitazama tena vikombe, kama mtu aliyepewa talaka kabla ya ndoa. Mtu mmoja tu katika chumba kile alikuwa na haki ya kucheka na kusema, "Ah, huyu mtoto kakosea, rudisha hicho chetezo." Mtu huyo alikuwa mwenye nyumba, Bi Kheiria. Ruba alimtazama kwa macho ya kuomba roho.

Bi Kheiria alikuwa kainamia mtandio wake. Nobu alikuwa dirishani, mguu mmoja nje.

Ruba alifungua mdomo. Akaufunga. Msichana anayeposwa hasemi mbele ya wanaomposa. Akisema, huyo ana ulimi, na kesho yake Mabela yote inaujua urefu wake. Alibaki kashika dele, kahawa ikipoa, maisha yake yakitoka kwa mguu mbele yake.

Ibtihal alikuwa analia. Machozi yalimtiririka, na mtu angedhani ni moshi.

Bi Rahila alifanya kile ambacho mwanamke wa hadhi yake hufanya. Alikivuta chetezo karibu, akafukiza upande mmoja wa shela, akafukiza wa pili, akainuka.

"Mmetukirimu," alisema.

"Ahsanteni," alisema Bi Kheiria bila kuinua kichwa. "Karibuni tena."

Bi Nawar naye aliinuka, pua juu. Lakini ilimbidi apite mbele ya Bi Kheiria, na alipopita jicho lake liliteleza. Alisimama.

"Bi Kheiria, samahani. Nini hicho?"

"Kaa hapa nikuoneshe," alisema Bi Kheiria. "Huyu daktari wa meno. Huyu fundi wa vinanda. Sasa huyu daktari hataki huyu atoke."

"Kwa nini hataki?"

"Ndiyo nnayotaka kujua."

Bi Nawar aliketi.

"Nawar, twende," alisema Bi Rahila mlangoni.

"Tangulia dada, nnakuja. Subhanallah, huyu mguu kautoa nje bila kiatu?"

Bi Rahila alitoka peke yake. Na Ruba, dele bado mkononi, akafanya jambo ambalo hakuna msichana wa ukoo ule aliyewahi kulifanya: alimfuata mgeni mpaka barazani.

"Mama. Subiri."

Bi Rahila alikuwa anatafuta viatu vyake. "Nimeshapewa udi, mwanangu. Mimi si mtoto."

"Udi ule ulikuwa kosa."

"Kosa la nani?"

Swali dogo, na ndani yake maisha ya watu wawili. Ruba alilijua jibu. Kulitaja jina la Ibtihal kungemwokoa pale pale. Lakini jina hilo lingeingia kwenye gari la Bi Rahila, lingefika Al Khoudh kabla ya magharibi, na kuanzia hapo Ibtihal angekuwa yule msichana aliyewafukuza wageni wa posa ya binti ami yake kwa udi. Nani angemgongea mlango tena?

"Langu," alisema Ruba. "Mimi ndiye niliyemwamuru. Nilitaka nyumba inukie vizuri."

Bi Rahila alikiacha kiatu, akamtazama usoni.

"Jaifar kaniambia kazi yako ni bima. Kutwa unasikiliza uongo wa watu. Hukujifunza kuusema vizuri kuliko huu?"

Ruba alilihamishia dele mkono wa pili.

"Yule aliyeanza kulia kabla moshi haujamfikia, nani wako?"

"Mtoto wa ami yangu."

"Kakuharibia posa, nawe unambebea."

"Hana ubaya, mama. Ananipenda tu."

"Najua anavyokupenda." Bi Rahila aliketi kwenye ukingo wa baraza, na kwa mara ya kwanza hakuketi kama anayesubiri faili. "Mwanangu, mimi siku nilipoolewa, Nawar alikuja kunisaidia kufungua masanduku. Masanduku tumeyafungua, yameliwa na mchwa, tumeyatupa. Nawar yupo. Mume wangu, Allah amrehemu, alikuwa akitaka kuzungumza na mimi anaomba miadi. Nikipika mimi, yeye anaonja. Nikiumwa mimi, yeye ndiye anayelazwa. Na akienda kwa watu siku mbili, mimi sijui niweke wapi mikono yangu. Unanifahamu?"

Ruba alimfahamu kuliko alivyotaka.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Ikatetemeka kama mtu mwenye baridi. Bi Rahila alinyoosha mkono, na Ruba, aliyezoea kutii mkono unaonyooshwa, akaitoa.

Bi Rahila alisoma kwa sauti, kwa mfululizo usio na rangi wa mtu anayesoma mashtaka. "'Umekasirika?' 'Usikasirike.' 'Ruba.' 'Uko barazani na nani?' 'Nakuona uko barazani.' 'Umekula?'" Akainua macho. "Anakuona wapi?"

"Kwenye simu, mama. Kuna nukta. Mimi ni nukta."

"Na yeye?"

"Na yeye ni nukta."

"Sikiliza," alisema Bi Rahila. "Mimi nakutaka. Mwanangu tangu akujue, hata chakula kikikosa chumvi haoni. Lakini nakutaka wewe. Mmoja. Sitaki mkwe anayekuja na Nawar wake. Ifute hiyo nukta hapa mbele yangu, na kesho hatwendi Mawaleh. Alhamisi nnarudi na wanaume, tunasema maneno, na kahawa tutakunywa."

Ruba aliitazama simu. Unajua, msomaji, ilikuwa ni kubonyeza tu. Kazi ya sekunde moja. Alikuwa amewahi kutafsiri ukurasa mzima ambao Nobu kasimama mbele ya mlango ulio wazi, hatoki, na alimcheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kidole kilikwenda. Kikarudi. Kikaenda tena.

Akabonyeza.

Nukta ya Ibtihal ilizimika. Mbingu hazikuanguka. Ruba alipumua, na pumzi ikashuka mpaka chini, mahali ambapo haikufika kwa miaka, kama mguu unapotolewa kwenye kiatu kilichobana karamu nzima.

"Mashallah," alisema Bi Rahila, akapata kiatu chake. "Nisindikize garini. Nawar mwache, atakuja akishiba hao wanaume wa tableti."

Walivuka ua pamoja. Ruba alitembea mwepesi, dele mkononi, akimwona Shahad wa Mawaleh na biriani yake wakitokomea kama vumbi. Alhamisi. Alikuwa tayari anachagua vazi, na alikuwa anachagua peke yake.

Bi Rahila alifungua mlango wa mbele wa gari.

Jaifar alikuwa kwenye usukani. Kofia yake ilikuwa gotini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," alisema, "kabla hujasema kitu, msikilize."

"Nimsikilize nani?"

Aliashiria nyuma kwa kidevu. Katikati ya kiti cha nyuma, mkanda kaufunga vizuri, sanduku la tishu mapajani, alikuwa kaketi Ibtihal. Alikuwa ametokea mlango wa jikoni wakati wao wanazungumza barazani.

"Kanieleza yote," alisema Jaifar. "Udi ni yeye. Kakiri mwenyewe, mama, bila kuulizwa. Huyu mtu ana roho ya peke yake. Hana mtu mwingine duniani."

"Ana baba, ana mama, na kaka zake wamejaa Mabela nzima," alisema Ruba.

"Kuwa nao siyo kuwa na mtu," alisema Jaifar kwa uchungu, na Ruba alishtuka, kwa sababu aliyajua maneno yale. Ni Nobu aliyeyasema, sura ya kumi na nne. Yeye mwenyewe aliyatafsiri, na Ibtihal ndiye aliyeyapanga.

"Jaifar," alisema Bi Rahila taratibu. "Umekaa na huyu msichana muda gani?"

"Kidogo tu. Nimemwambia nyumba ya Salalah ina vyumba vya ziada. Na nimemwashia lokesheni yangu, pamoja na njia zote nilizopita leo, ili asiwe na wasiwasi tukiwa njiani."

Bi Rahila alijishika kwenye mlango wa gari.

Ruba alimtazama Ibtihal. Alingoja yale macho: ya kuomba radhi, ya kumsihi, ya kumwuliza kama amekula. Aliyajua kama anavyojua dari ya chumba chake. Ibtihal hakumtazama. Alikuwa kaliinamia bega la Jaifar kutokea nyuma, simu wazi mkononi, uso umetulia, umeng'ara, kama mtu aliyepata kazi mpya.

"Jaifar," alisema Ibtihal kwa upole, "mbona mchana umesimama kwenye mzunguko wa magari wa Al Khoudh muda wote ule? Ulikuwa na njaa?"

Jaifar alifikiri. "Sijui," alisema. "Labda nilikuwa nayo."

"Ruba," alisema Bi Rahila, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayeona masanduku yanashushwa upya mlangoni kwake. "Mtoe. Mtoe sasa hivi, kwa mkono wako, na Alhamisi iko pale pale. Ukishindwa, mimi kesho nakwenda Mawaleh."

Ruba aliliweka dele chini, juu ya changarawe. Akaushika mpini wa mlango wa nyuma, akaufungua. Kazi ilikuwa nyepesi: kuufungua mkanda, kumshika Ibtihal kiwiko, kumvuta. Mwili wake wote ulikuwa tayari.

Lakini kitu kilimpanda kifuani, nacho hakikuwa hasira. Kilikuwa wivu. Wivu mkali, wa kuumiza meno. Na akiwa kainama pale mlangoni, mkono mmoja juu ya mkanda, Ruba aligundua kwa hofu kwamba hajui ni yupi kati ya wale wawili anayemwonea.

Ibtihal, mwishowe, aligeuza uso.

"Sogea," Ruba alimwambia, akaingia, akafunga mlango.